Je, Kombe la CECAFA la wanawake ni bonanza tu?

Swali: "Binti yangu ana miaka 14, anacheza kiungo shuleni na kwenye timu ya mtaa hapa Muheza. Juni 2025 tulikaa naye mbele ya televisheni tukawaona Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, wakiifunga Kenya 1-0 pale Chamazi, Dar es Salaam, na kubeba kombe la CECAFA, la nchi za Afrika Mashariki na Kati. Mtoto alilia kwa furaha. Kesho yake kijiweni wenzangu wakaniambia nisimdanganye: kombe lile ni bonanza, halimpeleki mtu WAFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake, wala Kombe la Dunia, ndiyo maana linachezwa mwaka mmoja kisha linapotea. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, nimwambie nini?"

Jibu:

Kaka yangu, nimefundisha mabinti kwa miaka mingi, na wazazi wanaouliza swali kama lako ni wachache kuliko ninavyotamani. Wengi huuliza binti atalipwa lini. Wewe umekaa na mwanao ukaangalia mpira mpaka mwisho, kisha ukataka kujua maana yake. Nitakujibu kwa urefu.

Hao wenzako wameshika nusu ya ukweli. Kombe la CECAFA halitoi tiketi ya kwenda popote. WAFCON ina mchujo wake, mechi za mtoano za nyumbani na ugenini. Ndivyo Twiga Stars walivyowatoa Ethiopia Oktoba 2025, na ndivyo Harambee Starlets wa Kenya walivyowatoa Gambia siku hizo hizo, wote wawili wakafuzu WAFCON ya 2026. Na WAFCON hiyo ndiyo inayotoa wawakilishi wa Afrika kwenye Kombe la Dunia la 2027 kule Brazil: anayefika nusu fainali amefuzu moja kwa moja. Ukibeba kombe la CECAFA mara kumi mfululizo, kwenye mchujo huo hupunguziwi hata mechi moja. Hapo wamesema kweli.

Walipokosea ni kudhani kwamba mechi isiyokuwa na tiketi haina kazi.

Fikiria maisha ya timu ya taifa ya wanawake katika ukanda wetu. Mchujo wa mtoano ukikutoa raundi ya kwanza, umecheza dakika 180 basi. Wachezaji wanarudi kwenye klabu zao, kocha anarudi na daftari lake, na mechi nyingine ya maana haijulikani itakuja lini. Mechi za kirafiki zinahitaji fedha na mpinzani aliye tayari, na vyote viwili ni vigumu kupatikana kwa upande wa wanawake. Sasa linganisha na mashindano ya ukanda: Novemba 2019 pale Chamazi, Kenya walicheza mechi tano ndani ya siku tisa. Ethiopia, Uganda, Djibouti, halafu nusu fainali, halafu fainali dhidi ya Tanzania, na hawakuruhusu bao hata moja. Wakatufunga 2-0, mabao yote ya Jentrix Shikangwa, yule yule ambaye baadaye alikuja kuvaa jezi ya Simba Queens na tukamshangilia kama wetu. Mechi tano za ushindani kwa siku tisa ni nyingi kuliko ambazo baadhi ya timu zetu zinazipata kwa mwaka mzima.

Na mtoano haukupi nafasi ya kukosea. Mashindano ya ukanda yanakupa. Mwaka 2018 kule Kigali kombe lilichezwa kwa mtindo wa ligi, timu tano, kila mmoja na mwenzake. Twiga Stars walianza kwa kufungwa 1-0 na wenyeji Rwanda. Ingekuwa mtoano, kocha angekuwa ameshaanza kuwaza mechi ya marudiano kwa hofu. Pale ilikuwa ni somo la siku ya kwanza. Walijipanga upya wakiwa hotelini, wakabadilika mechi hadi mechi, na siku ya mwisho wakaifunga Ethiopia 4-1 na kutetea ubingwa wao. Kufungwa, kulala, kuamka na kurekebisha ndani ya wiki moja ni jambo ambalo mchezaji hawezi kulisoma kwenye mazoezi ya klabu.

Angalia pia miaka mitatu hii. Mwaka 2016, pale Njeru karibu na Jinja, Kenya walikuwa wameshafuzu WAFCON kwa mara ya kwanza, wakilitumia kombe la CECAFA kujiandaa na safari ya Kameruni. Tukakutana nao fainali, Mwanahamisi Omari, wengi tunamwita Gaucho, akafunga mabao mawili, tukashinda 2-1. Mwaka 2022, hapo hapo Njeru, Uganda walichukua kombe kwa kuifunga Burundi 3-1, na timu zote mbili mwezi uliofuata zilikuwa Morocco kwenye WAFCON, Burundi kwa mara ya kwanza katika historia yao. Mwaka 2025 ikawa zamu yetu: Juni Chamazi, Julai Morocco. Tulifungwa 1-0 na Mali, tukafungwa 4-1 na Ghana, lakini katikati tulitoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini, waliokwenda pale wakiwa mabingwa watetezi, Opa Clement akiwa ametangulia kufunga. Mara ya kwanza tulipokwenda WAFCON, mwaka 2010 chini ya kocha Charles Boniface Mkwasa, tulipoteza mechi zote tatu. Sisemi sare ile ililetwa na kombe la CECAFA peke yake. Nasema timu iliyoingia uwanjani siku ile ilikuwa na mechi za ushindani kwenye miguu yake, na ilionekana.

Sasa nikuonyeshe kitu kimoja nilichokiona kwa macho yangu, kwa sababu kinamhusu binti yako moja kwa moja. Nilikuwa na kiungo mmoja, fundi kweli kweli. Kwenye ligi ya mkoa alikuwa akipokea mpira anausimamisha, anainua kichwa, anatafuta mwenzake, ndipo anapiga pasi. Mkoani muda huo ulikuwepo, hakuna aliyemkimbilia. Akaitwa kambini, akasafiri na timu kwenye mashindano ya ukanda. Alicheza mechi mbili, moja akiingia dakika za mwisho kabisa. Aliporudi nikamweka kwenye zoezi letu la siku zote: watano wamezunguka, wawili katikati wanausaka mpira. Kilichonishtua ni shingo yake. Kabla mpira haujatoka mguuni kwa mwenzake, ameshatupa jicho bega la kushoto. Mpira ukiwa njiani, bega la kulia. Ulipomfikia alikuwa anajua unakokwenda, akaugusa mara moja, ukaondoka. Nikamuuliza nani kamfundisha hivyo. Akanijibu, "Mwalimu, kule ukisimama nao tu, umeshanyang'anywa." Mimi nilikuwa nimemwambia maneno hayo hayo miaka miwili. Mechi mbili zilimfundisha kuliko miaka yangu miwili.

Hiyo ndiyo kazi ya kombe la CECAFA. Ni darasa. Na malalamiko yangu juu yake ni ya mtu anayeona darasa zuri likifunguliwa siku walimu wanapopata nauli.

Maana swali lako la pili, kwa nini linapotea, lina majibu ya wazi. Kombe hili lilichezwa mara ya kwanza mwaka 1986, Zanzibar, na wenyeji wakalichukua. Kisha likalala miaka 30. Nakuomba uisome tena namba hiyo: 30. Binti aliyekuwa na miaka 14 mwaka 1986 alikuwa na miaka 44 lilipochezwa tena. Kizazi kizima cha wachezaji wa ukanda huu kilianza mpira, kikakua na kikastaafu bila kupata kucheza hata mechi moja ya kombe la nyumbani kwao. Baada ya 2016 lilikusudiwa lichezwe Rwanda mwaka uliofuata, likaja kuchezwa Julai 2018. Likafuata la 2019, kisha 2022, kisha 2025.

Sababu ya kwanza ni ile waliyoitaja wenzako: halina tiketi. Nitakuthibitishia kwa kukulinganishia na ndugu yake, mashindano ya klabu za wanawake ya ukanda huu huu wa CECAFA. Hayo yalianza 2021 kwa sababu CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilianzisha Ligi ya Mabingwa ya Wanawake na inahitaji bingwa kutoka kila ukanda. Tangu hapo hayajakosa hata mwaka mmoja. Vihiga Queens wa Kenya walishinda 2021 Nairobi, Simba Queens 2022 Dar es Salaam, JKT Queens 2023 Uganda, CBE ya Ethiopia 2024 Addis Ababa, na JKT Queens tena 2025 Nairobi. Viongozi ni wale wale, ukata ni ule ule, nchi ni zile zile. Tofauti ni kwamba bingwa wa klabu ana mahali pa kwenda, na tarehe yake ya kwenda imeshaandikwa, kwa hiyo lazima apatikane. Na matunda yalionekana haraka: Simba Queens walifika Morocco mwaka ule wa 2022 wakamaliza nafasi ya nne Afrika nzima.

Sababu ya pili ni fedha, na hapa nataka tuwe wa haki kwa vyama vyetu. Kwa kawaida mwenyeji hubeba malazi, chakula na usafiri wa ndani, na mgeni hujikatia tiketi za ndege, analipia kambi na posho. Msafara wa timu ya taifa ni watu wapatao 30 ukihesabu wachezaji, benchi la ufundi, daktari na viongozi. Piga hesabu ya tiketi 30 kutoka Bujumbura au Juba. Chama kinachojua kwamba mwakani kuna mchujo wa WAFCON kinaamua kuzitunza. Nauelewa uamuzi huo, ingawa unaniuma, kwa sababu timu inayotunza nauli yake hivyo inafika kwenye mchujo ikiwa baridi, inatolewa, na nauli iliyotunzwa haina tena safari ya kulipia.

Ya tatu ni kalenda. FIFA ina tarehe zake maalumu ambazo klabu inalazimika kumwachia mchezaji akaitumikie timu ya taifa. Nje ya tarehe hizo klabu ina haki ya kukataa. Zamani halikuwa tatizo, karibu wachezaji wetu wote walikuwa nyumbani. Leo Clara Luvanga yuko Saudi Arabia na Al Nassr, Aisha Masaka alikwenda BK Häcken ya Uswidi na kisha Brighton ya Uingereza, Julietha Singano alikwenda Juárez ya Mexico. Ukiandaa mashindano nje ya kalenda unacheza bila baadhi ya watu wako bora, na mashabiki wanauliza mbona fulani hayupo. Kwa upande mwingine, na hili makocha tunalijua, nafasi ya nyota aliyekosekana ndiyo inayomfungulia binti wa ligi ya ndani.

Ukitaka kuona jambo hili likifanyika vizuri, tazama kusini. Kombe la COSAFA la wanawake, la nchi za kusini mwa Afrika, lilichezwa kila mwaka kuanzia 2017 hadi 2024, hata mwaka 2020 wa korona. Kwa miaka mitano mfululizo, 2018 hadi 2022, lilichezwa mji mmoja tu, Nelson Mandela Bay kule Afrika Kusini. Viwanja vinajulikana, hoteli zinajulikana, kocha anajua tangu mapema kwamba atakuwa na mashindano. Nalo halitoi tiketi ya WAFCON, sawa na la kwetu! Lakini hesabu waliopita pale. Botswana walifika fainali ya 2020, kisha 2022 wakaenda WAFCON kwa mara ya kwanza na kufika robo fainali. Zambia walikuwa wakifika hatua za mwisho karibu kila mwaka, wakashika nafasi ya tatu Afrika mwaka 2022 na wakacheza Kombe la Dunia la 2023. Malawi walichukua kombe 2023, na sasa wamefuzu WAFCON kwa mara ya kwanza. Kama halina kazi, hawa wamejengewa wapi?

Na sisi wenyewe tumekunywa kwenye kisima hicho. Mwaka 2021 Twiga Stars walialikwa COSAFA kama wageni, wakawatoa Zambia kwa penalti kwenye nusu fainali, wakaifunga Malawi 1-0 kwenye fainali kwa bao la Enekia Kasonga. Tanzania ya Afrika Mashariki ikarudi nyumbani na kombe la Kusini mwa Afrika. Mwaka huo CECAFA yetu haikuchezwa. Nilifurahi kama mwendawazimu usiku ule, na asubuhi nikajiuliza kwa nini tulilazimika kwenda mpaka huko kutafuta mechi.

Kwa hiyo, kama ningeombwa ushauri na wenye mamlaka, ningeomba vitu viwili tu. Tarehe moja isiyobadilika, ndani ya kalenda ya FIFA, hata kama ni kila baada ya miaka miwili. Na mji mmoja au miwili ya kudumu kwa miaka kadhaa. Njeru na Chamazi vimeshafanya kazi hiyo, vinaweza kuifanya tena.

Kuna watu wawili ambao huwa nawakumbuka kila ninaposikia neno bonanza. Wa kwanza ni binti wa Zanzibar. CAF na FIFA zinaitambua Tanzania kama timu moja, kwa hiyo WAFCON na Kombe la Dunia Mzanzibari huzichezea akiwa Twiga Stars. CECAFA inaitambua Zanzibar kama mwanachama kamili. Maana yake, kwa binti wa Unguja au Pemba, kombe hili ndilo mahali pa kuvaa jezi ya Zanzibar Queens na kusikia wimbo wao. Wamebebeshwa makapu ya magoli mara nyingi, ndiyo, na wakapanda boti tena. Wa pili ni binti wa Sudan Kusini. Mwaka 2019 walikuja Chamazi kwa mara ya kwanza, mechi ya ufunguzi tukawafunga 9-0. Timu changa ikifungwa tisa mbele ya uwanja wa ugenini inaweza kufa moyo kabisa. Siku chache baadaye wakaifunga Zanzibar 5-0. Ningependa wenzako wangeziona sura za mabinti wale filimbi ya mwisho ilipolia.

Kenya nao wanajua uchungu wa kukosa. Februari 2022 FIFA iliifungia nchi yao kwa ugomvi wa wakubwa wa mpira, na mabinti hawakuruhusiwa kucheza CECAFA ya Njeru. Vihiga Queens, mabingwa wa klabu wa ukanda, hawakupata hata nafasi ya kutetea taji lao.

Sasa tumrudie binti yako. Mwambie kombe aliloliona si la mchezo. Mwambie pia njia ya kufika pale haianzii CECAFA, inaanzia alipo. Ana miaka 14, kwa hiyo mlango ulio karibu naye ni UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na timu za vijana. Serengeti Girls, kikosi chetu cha chini ya miaka 17, mwaka 2022 waliwatoa Kameruni wakaenda Kombe la Dunia kule India, wakaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Wasichana wale walikuwa wakubwa kuliko mwanao kwa miaka miwili mitatu tu. Juu ya hapo kuna Ligi Kuu ya Wanawake, ambayo ilianza msimu wa 2016/17 na sasa ndiyo inayojaza kikosi cha Twiga Stars.

Wewe kama mzazi una kazi zako. Cheti cha kuzaliwa kiwe sahihi, jina liwe lile lile lililoko shuleni, herufi kwa herufi, maana nimeona mabinti wakibaki nyumbani kwa sababu ya herufi moja. Asiache shule. Na akija mtu na ahadi ya majaribio Ulaya au Uarabuni kwa binti huyu, akitaka sahihi yako au fedha ya viza, mfukuze kwa heshima. Sheria za FIFA haziruhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji chini ya miaka 18 isipokuwa kwa sababu chache sana, na ahadi ya mtu wa barabarani haimo. Viatu navyo visimbane. Kiungo anayeumwa vidole hakimbii dakika ya 80.

Halafu Jumamosi, ukienda kumwangalia, usihesabu pasi wala magoli. Simama pembeni karibu na katikati ya uwanja, umtazame yeye tu kwa dakika kumi, hata mpira ukiwa mbali. Hesabu ni mara ngapi anageuza shingo kuangalia nyuma yake kabla hajapokea mpira. Usimkaripie ikiwa ni chache. Mwambie namba uliyoipata mkiwa njiani kurudi nyumbani, na Jumamosi inayofuata uhesabu tena.